Mizani ya Usagara

Saa kumi alfajiri, foleni ya mizani, Usagara.
Malori kumi na saba mbele yangu.
Mvua ya jana Mwaloni ilipenya turubai,
dagaa wamekunywa maji,
na maji nayo yana uzito, serikali huyapima.

Miaka tisa niliendesha gari la kampuni.
Shati la bluu, LUSHINGE kifuani kwa uzi mweupe,
posho inaingia kwenye simu kabla sijawasha injini.
Tairi likipasuka Tinde, napiga simu ofisini,
najilaza chini ya trela, nangoja
kama mtoto aliyevunja chungu cha jirani.

Ila kulikuwa na kile kidude kwenye dashibodi,
kijicho chekundu kisichofumba.
Nikisimama Shelui kukojoa, Nyakato wanajua.
Nikivuka themanini, Nyakato wanajua.
Kivukoni tu, enzi zile kabla ya daraja,
kilichanganyikiwa: kikawaonyesha
lori linatembea juu ya ziwa
kama Petro kabla hajaogopa.
Nilikuwa nakaa sitahani, miguu ikining'inia,
nusu saa yangu mwenyewe kwa siku tano.

Mama alipozidiwa, kule Magu,
nilikuwa na mabati ya Sirari.
Nilipita barabarani, nyumba naiona,
nikapiga honi mara tatu,
kwa sababu Magu haikuwemo kwenye ratiba.
Dada anasema aliisikia.
Alisema: Lushinge huyo. Anawahisha mali ya watu.

Maneno hayo ndiyo yaliyonunua Scania hii.
Hayo, na ng'ombe sita wa Kwimba,
na mkopo wa Saccos
ambao riba yake hailali, hata mimi nikilala.

Sasa sina bosi.
Nina dalali wa Kirumba, simu tatu, hana hata baiskeli,
anakata chake kabla gunia halijapanda.
Nina fundi Mageni, akifungua injini anaguna
kama daktari anayetafuta maneno.
Nina matairi kumi na manane, nayajua moja moja,
la nyuma kushoto lina kidonda,
nalipapasa kila nikisimama,
kuliko ninavyowapapasa wanangu vichwani.
Na uzito ukizidi leo, faini haiendi ofisini.
Ofisi ni mimi. Ipo hapa, mfuko wa shati, imekunjwa.

Shigela anakuja kati ya taa za malori, na chupa ya chai.
Alikuwa utingo wangu. Leo ana gari jipya la kampuni,
kiyoyozi, kiti kinachopumua,
shati la bluu, uzi mweupe.
Anamimina. Anatazama ubavu wa Scania,
pale nilipoandika jina la mama kwa mkono,
herufi ya mwisho imebanwa na bawaba.

"Kaka, nataka kuacha. Nitafute langu."

Nimwambie nini?
Jumanne nilisimama Kigongo bila sababu,
nikala sato mzima, mpaka mashavu,
nikanawa mikono ziwani, nikakaa juu ya jiwe
kutazama daraja lilivyolala juu ya maji.
Hakuna aliyepiga simu.
Huo ndio utamu wenyewe, mdogo wangu:
hakuna aliyepiga simu.
Na saa nane usiku nashtuka kitandani
kwa neno hilohilo.

Mbele wanawasha injini. Foleni inasogea
kwa urefu wa lori moja.
Nampa spana, naelekeza tairi la nyuma kushoto.
"Kaza hizo nati. Ya tatu inazunguka bure,
usiilazimishe."

Anachuchumaa na shati lake safi.
Namsikia akihesabu kwa Kisukuma, taratibu,
kama nilivyomfundisha.
Akifika ya tatu, ananyamaza.